Mkaa Chini ya Gari la Mzee Brashi

Ripoti ilikuwa imeshachapwa. Ilisema kwamba mzee wa miaka sabini na mmoja amekufa kwa hewa ya mkaa ndani ya banda la gari lake, Jumapili kati ya saa tisa na saa kumi na moja alasiri, kwa bahati mbaya, na kwamba hapakuwa na dalili ya mkono wa mtu mwingine. Ilichosubiri ni saini ya Inspekta. Mkuu wa kituo aliiweka mezani kwake pamoja na kalamu iliyokwisha kufunguliwa kifuniko, asije Inspekta, mama wa watu, akapata kisingizio.

Inspekta aliikunja ripoti mara mbili, akaitia kwenye mfuko wa koti, akamwambia Sajenti achukue ufunguo wa banda.

"Mkuu alisema aipate kabla ya saa sita," Sajenti alimkumbusha.

"Saa sita ipo kila siku."

Walikwenda kwa miguu, kola zimepandishwa, katika manyunyu yaliyoanza Ijumaa na hayakuwa na haraka ya kwisha. Katika mji ule chumvi ililowa ndani ya kikopo, viatu viliota kuvu kabatini, na bawaba uliyoitia mafuta Januari ililia tena kabla ya Pasaka. Mabati ya nyumba zote yalikuwa mekundu kwa kutu. Mtu aliyeamua kuweka gari la zamani katika hali kama hiyo, bila doa, kwa miaka ishirini na miwili, alikuwa ama mwenda wazimu ama mtu wa kazi kweli kweli. Majirani walikuwa wamemaliza ubishi huo kwa kumpa marehemu jina la Mzee Brashi, kwa sababu ya brashi ya waya iliyokuwa haimtoki mkononi.

Banda lilikuwa nyuma ya nyumba, hatua kumi kutoka mlango wa jikoni. Sajenti alifungua, akapapasa ukutani, taa ikawaka.

Ndani ya banda mlikuwa na banda jingine. Mzee alikuwa amejenga fremu ya mabomba ya chuma, akaivisha nailoni nzito kutoka juu hadi sakafuni, pande zote nne, ikawa hema. Ndani ya hema lilisimama gari, la kijani kibichi, la zamani hasa, lenye taa za duara na bampa za nikeli. Tairi zilikanyaga mbao badala ya saruji. Tumbo la gari lilikuwa limepakwa grisi kuukuu kila mahali ambapo mkono ungeweza kufika. Upande mmoja wa hema ulikuwa wazi, nailoni imening'inia ovyo, na vibanio vya nguo vya mbao vimetapakaa sakafuni.

Jiko lilikuwa ndani ya hema, karibu na gurudumu la nyuma. Lilikuwa jiko jipya la mkaa, miguu yake bado ina rangi nyekundu ya dukani.

"Mambo yenyewe ndiyo haya," Sajenti alisema. "Mzee ana kifua. Jumapili baridi imempiga, akawasha jiko, akajifunika na nailoni yake, akaingia kiti cha nyuma apate usingizi kidogo. Hakuamka. Kila msimu tunao wawili watatu wa namna hii, Afande."

Inspekta alikuwa ameshapiga magoti, tochi mkononi, shavu karibu liguse sakafu. Chini ya gari palikuwa na mifuko ya kitambaa, imepangwa mistari miwili, kila mmoja na namba yake ya wino. Aliihesabu kwa kuigusa. Kumi ilikuwa imejaa. Namba saba na namba nane ilikuwa mitupu. Aliivuta ile miwili, akaitandaza kwenye magoti.

Kitambaa kilikuwa cha gauni la kike, la maua madogo ya bluu, kimeshonwa kwa mkono, mshono wa mtu asiyejua kushona ila amekazana. Mifuko mizima ilikuwa imefungwa kwa kamba za viatu, fundo la kuvuta mara moja likafunguka. Mifuko mitupu ilikuwa na kamba zake vile vile, hazijafunguliwa. Ilikuwa imechanwa ubavuni kwa kisu.

"Kwa nini mtu achane mfuko wake mwenyewe," Inspekta aliuliza, "wakati kamba ni ya kuvuta tu?"

"Labda mikono ilimtetemeka kwa baridi."

"Labda."

Akaufunga mlango wa banda ili aone nyuma yake, na hapo ndipo alipokuta maandishi. Mlango mzima ulikuwa ubao. Mzee aliandika kwa chaki, tarehe upande wa kushoto, kila Jumapili, na mbele ya kila tarehe namba kumi na mbili. Sabini. Themanini. Sitini na tano. Themanini na tano. Karibu na kitasa ilining'inia mizani ya kuvuta, ya ndoano. Jumapili moja ya mwezi wa nne ilizungushiwa duara, na namba zake zilikuwa zimeruka: mia na themanini, mia na tisini, mia mbili. Tarehe ya mwisho ilikuwa ya Jumapili iliyopita. Safari hiyo mzee alikuwa ameandika zote kumi na mbili.

Kwa hiyo Jumapili ile, kabla ya kufa, alipima mifuko kumi na miwili, na yote ilikuwa mizima.

Mlango ulibishwa hodi taratibu. Alikuwa binti wa marehemu. Mtaani walimwita Mama Pacha, na hata yeye alijitambulisha hivyo, kama vile jina la kuzaliwa alikuwa amelisahau. Alivaa sweta mbili. Vidole vyake vilikuwa vimechanika kwa sabuni.

"Samahani kwa mikono," alisema alipoona Inspekta anaitazama. "Nilifua Jumapili nzima, halafu wageni wa msiba wakaja, nimefua tena. Na nguo zenyewe hazikauki. Za Jumapili mpaka leo ziko kambani."

"Pole sana, mwanangu. Sitakuchelewesha. Mifuko hii ni ya nini?"

Mama Pacha aliitazama ile mifuko, na kwa mara ya kwanza uso wake ulilegea kidogo.

"Dawa ya unyevu. Mkaa unakunywa maji ya hewani, gari linabaki kavu. Kila Jumapili baada ya chakula anaipima mmoja mmoja, anaandika mlangoni gramu za maji uliyokunywa. Uliozidi uzito anauita mlevi. 'Leo nina walevi watatu, mwanangu, wapeleke jikoni wakalale.' Tunaianika juu ya dohani, ikikauka inarudi kazini. Magauni ni ya mama. Alisema mama alilipenda gari hili kuliko yeye, acha aendelee kulitunza."

"Na jiko?"

Uso ukafungwa tena.

"Jiko ni langu. Nilimnunulia mimi, wiki tatu zilizopita, kwa ajili ya kifua chake. Alishukuru, akaliweka pale kwenye kona, hakuligusa. Moto hakuutaka humu ndani hata wa kiberiti. Alisema moshi na mvuke ni sumu ya chuma. Nikamsihi, nikamnunia, nikamwambia unajali bati kuliko mapafu yako." Aliligeukia jiko. "Jumatatu nilipoliona lina majivu, unajua kitu cha kwanza nilichofikiri ni nini? Nilifikiri, leo baba amenisikia. Kabla sijamwona mwenyewe. Nilifurahi, Afande. Nilifurahi kabisa."

Sajenti aligeuka akatazama ukuta. Inspekta hakugeuka. Alikuwa amefanya kazi hii miaka kumi na tisa na alijua kwamba mwanamke huyu ataibeba furaha ile ya sekunde tatu mpaka kaburini, asipotokea mtu wa kumtua.

"Naomba unionyeshe ulivyoingia," alisema. "Jifanye leo ni Jumatatu. Ulibeba nini?"

"Bakuli la uji."

Inspekta alimpa kopo tupu la rangi. Akayaokota mapande ya nailoni, akayakutanisha kama yalivyopaswa kuwa, akayashikilia juu kwa mkono mmoja. Mama Pacha alitoka nje. Akaingia. Aliita, "Baba?" kwa sauti ya chini, sauti ile ile ya siku ile, na Sajenti akavua kofia bila kuambiwa. Akaliweka kopo sakafuni. Akanyoosha mkono, vidole viwili, akachomoa kibanio cha hewani, akakitupa. Cha pili. Cha tatu. Cha nne.

"Simama hapo hapo. Usishushe mkono."

Mkono ulibaki hewani.

"Hivyo vibanio ulivichomoa ukiwa nje ya nailoni?"

"Ndiyo. Nilikuwa hapa nje."

"Viliuma kutoka upande gani? Kichwa cha kibanio, sehemu ya kushika, ilikuwa kwako au ilikuwa kwake?"

Mama Pacha aliangalia vidole vyake kama vya mtu mwingine. "Kwangu. Nilishika tu nikavuta."

"Na baba yako akiwa ndani ya hema, kila siku, alikuwa akibana vipi?"

"Kwa ndani. Akishaingia anabana kwa ndani, unyevu usimfua..." Hakumaliza. Mkono ulishuka wenyewe.

Mvua ilisikika juu ya bati. Inspekta aliiachia nailoni.

"Nisikilize vizuri. Ulichonionyesha sasa hivi hakitoki humu ndani. Usimwambie jirani, usimwambie shangazi."

"Na Baba Pacha? Mume wangu ana haki ya kujua."

"Hata Baba Pacha. Mpaka mimi nikuambie."

Aliitikia kwa kichwa, lakini mlangoni alisimama. "Jiko bado ni langu, Afande. Hata kama kuna mtu, moto ulikuwa kwenye jiko langu."

Inspekta hakupenda kumpa mtu jibu la nusu. Alimwacha aende.

Kabla ya kuondoka walifungua jikoni, kwa ufunguo uliotolewa mfukoni mwa marehemu. Gunia zima la mkaa lilikuwa nyuma ya mlango, mdomo umeshonwa, mkavu kiasi cha kulia ukiugonga. Inspekta alichukua bonge moja, akaokota jingine la mfuko namba moja bandani, akayaweka juu ya bati mbele ya Sajenti na kumpa kiberiti na magazeti. Bonge la jikoni lilishika mara moja. Lile la bandani lilitoa moshi, likapasuka, likazima. Sajenti alimaliza njiti kumi na moja na uvumilivu wake wote.

"Mzee aliyejua mkaa upi ni mlevi na upi ni mzima," Inspekta alisema, "aliyekuwa na ufunguo wa gunia kavu mfukoni, achane mifuko aliyoshona kwa magauni ya mke wake ili ahangaike na huu?"

Sajenti alipuliza vidole. "Aliyewasha hakuwa na ufunguo wa jikoni."

"Hilo moja. La pili ni kubwa zaidi. Hakujua mkaa ule ni wa nini."

Jirani wa upande wa kulia, mama mmoja mwenye dirisha lililoelekezwa vizuri, alikuwa amemwona mtu Jumapili saa nane: mwanamume wa kofia ya ngozi, amekuja na gari la mlango mmoja uliobonyea, akazungumza na mzee mlangoni mwa banda, akaondoka ananung'unika. Hakuwa mgeni. Alikuwa mkusanya magari ya zamani wa mjini, mtu aliyemwandama Mzee Brashi miaka minne amuuzie gari.

Walimkuta kwenye ghala lake, kati ya magari manne yaliyofunikwa mashuka. Mashine ya umeme ya kukausha hewa ilinguruma pembeni, ikitema maji kwenye ndoo.

"Nilikwenda, ndiyo," alisema. "Nimesikia habari. Nimeumia sana."

"Uliondoka umekasirika."

"Nilikasirika, sikatai. Safari hii aliniambia gari haliuziki hata akitaka. Akasema, 'Lina kesi. Rudi baada ya Jumatatu, kama polisi wataliachia.' Nikajua ananipiga chenga kama kawaida yake."

Inspekta na Sajenti hawakutazamana.

"Kesi gani?"

"Hakusema. Alikuwa na uso wa mtu aliyelala njaa. Nilimwambia mzee, angalau nunua mashine kama yangu, achana na ile mifuko ya mkaa. Akasema mashine ikikatiwa umeme inalala, mkaa haulali. Na kweli, gari lake lilikuwa kavu kuliko haya yangu."

Alikuwa amejibu bila kuulizwa. Kuhusu saa tisa, alitoa karatasi kwenye pochi: trafiki walimwandikia kosa la taa mbovu saa tisa na dakika kumi, kilomita arobaini kutoka hapo. Sajenti alipiga simu, trafiki wakathibitisha, wakataka kujua faini italipwa lini.

"Sijawahi kuipenda karatasi ya trafiki kama hii," mkusanya magari alisema, akaikunja kwa uangalifu.

Walirudi bandani. Safari hii Inspekta alijua anatafuta nini. Gari lenye kesi ni gari lililotoka, na gari lililotoka katika mvua linarudi limelowa, na mkaa ulikuwa umeliandika jambo hilo mlangoni kwa namba kubwa ndani ya duara. Sajenti alimpigia simu Mama Pacha, akamuuliza kuhusu wiki ile ya mwezi wa nne. Alijibu papo hapo: baba yake alilazwa siku mbili kwa kifua, yeye alilala naye hospitali. Funguo za mzee zilibaki nyumbani kwa binti, mezani.

Madigadi ya mbele ya kushoto ilionekana nzuri mpaka tochi ilipoipiga kwa ubavu. Kwa ndani, mahali ambapo mkono wa mwenye gari tu ungepapasa kutafuta kutu, grisi ilikuwa imefutwa na bati limesuguliwa msasa hadi kung'aa, ukubwa wa kiganja. Katikati palikuwa na alama za nyundo ndogo ndogo. Mtu aligongomea bonde lirudi mahali pake, akaziba kwa puti, akapaka kijani juu. Kutu ilianza pale pale puti ilipopasuka, na Mzee Brashi akaifuata kama alivyofuata kutu zote, mpaka akafika chini yake.

Kisanduku cha kiberiti kilikuwa juu ya dashibodi. Ndani yake mlikuwa na magamba matatu ya rangi ya bluu, yaliyobanduliwa nyuma ya pete ya taa.

Sajenti aliinama kuyaangalia.

"Muuza maziwa," alisema.

Inspekta hakuhitaji kuambiwa zaidi. Mwezi wa nne, kwenye mteremko wa machimbo, mvua kubwa. Baiskeli ya bluu, madebe mawili ya maziwa, na mtu aliyegongwa akaachwa mtaroni hadi alfajiri. Magari yote ya mji yalikaguliwa isipokuwa moja, kwa sababu kila mtu alijua kwamba lile halitoki. Mjane wake alikuwa akija kituoni kila Ijumaa kuuliza. Sajenti ndiye aliyeokota madebe.

"Miezi minne," Sajenti alisema. Sauti yake ilikuwa mbaya. "Nilikuwa napita hapa kila siku kununua sigara."

"Funga kisanduku. Tukamlete."

Baba Pacha aliletwa kituoni saa kumi jioni kutoka duka la vifaa vya ujenzi alikokuwa dereva. Alikuwa mtu wa kupendeza, shati limenyooshwa, pole tele mdomoni. Alimwamkia Inspekta kwa heshima zote, akamuuliza Sajenti hali ya watoto. Jumapili alikuwa kwa rafiki akitazama mpira. Mzee alikuwa baba yake, siyo mkwe.

"Na mke wako anaendeleaje?" Inspekta aliuliza.

"Analia, Afande. Jiko ni lake, utafanyaje? Namwambia ni bahati mbaya, lakini hata mimi moyoni..." Alitikisa kichwa. "Nilimwonya. Usimpe mzee jiko."

"Sajenti, andika hilo. Alimwonya. Kwa nini ulimwonya?"

"Ule mkaa wote aliouweka mle ndani! Mifuko kumi na miwili chini ya gari. Ubahili wa wazee, kuficha akiba kana kwamba mkaa utakwisha duniani. Jiko na mkaa chumba kimoja, na mzee mwenyewe mtu wa kusinzia. Ilikuwa itokee tu."

"Akiba ya nini?"

"Ya mkaa."

"Ninauliza, mkaa ule ulikuwa wa nini?"

Baba Pacha alitabasamu kidogo, tabasamu la kumhurumia mama wa mjini asiyejua mambo ya jikoni. "Mkaa ni wa nini, Afande? Si wa kuwasha."

Kalamu ya Sajenti ilisimama.

"Umeoa kwenye nyumba ile mwaka wa ngapi huu?"

"Wa tisa."

"Miaka tisa. Kila Jumapili mzee anavuta mifuko, anaipima, anaandika mlangoni, mkeo anaianika juu ya dohani. Watoto wako wadogo wanajua walevi ni akina nani. Hukuuliza hata siku moja?"

"Kuuliza nini? Ni mkaa."

"Ni dawa ya kutu. Mzee hakuwahi kuuwasha na asingeuwasha. Umelowa, haushiki moto mpaka uhangaike. Kama angetaka moto, alikuwa na gunia kavu na ufunguo wake mfukoni. Mtu aliyewasha jiko lile alikosa ufunguo, akaona mkaa chini ya gari, akafikiri kila mtu atafikiri kama yeye. Halafu akatoka, akabana nailoni kwa nje. Mji mzima uliomjua Mzee Brashi ulijua mkaa ule ni wa nini. Asiyejua nimempata mmoja tu."

Tabasamu lilibaki pale pale, lakini hakuna aliyekuwa analishikilia.

"Hayo ni maneno, Afande. Mkaa si ushahidi."

"Kweli kabisa." Inspekta alitoa kisanduku cha kiberiti, akakifungua, akakisukuma katikati ya meza.

Baba Pacha aliyaangalia magamba ya bluu. Jasho lilimtoka juu ya mdomo, katika chumba ambacho Sajenti alikuwa amevaa koti.

"Alinipa mpaka Jumatatu," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Mkwe wangu mwenyewe. Nilimpigia magoti. Nikamwambia fikiria pacha. Akasema anawafikiria, ndiyo maana anataka niende kwa miguu yangu." Akainua macho. "Hakuwa na taa, Afande. Mvua ile yote, na hakuwa na taa."

"Nani?"

Hakuwa na haja ya kujibu tena, na alilijua hilo kabla hawajamfunga pingu.

Mama Pacha alikuwa kwenye benchi la ukumbini, mikono ndani ya mikono ya sweta. Alikuwa ameitwa aje kutia saini maelezo yake ya asubuhi, na hakuna aliyemwambia nani yuko chumba cha ndani. Inspekta alikaa karibu naye. Ripoti iliyochapwa ilikuwa bado mfukoni mwake, imelowa kwenye kunjo.

"Nataka kujua kitu kimoja tu, mama," Mama Pacha alisema. Neno Afande lilikuwa limemwisha mdomoni. "Baba aliliwasha jiko langu?"

"Hapana. Hakuliwasha. Alilala kwenye gari lake kama kila Jumapili, na jiko lilikuwa kwenye kona, baridi, mahali alipoliweka."

"Hakunisikia."

"Hakukusikia hata kidogo."

Alicheka, na kicheko kikageuka katikati, akajifunika uso kwa sweta na kulia kwa sauti ambayo alikuwa ameizuia tangu Jumatatu. Inspekta alimwachia. Angependa aishie hapo, amwache na huo mzigo mmoja uliotuliwa, asimame, aende zake. Kazi haikumruhusu.

"Mama Pacha. Mume wako harudi nyumbani leo."

Kilio kilikatika. Hakuuliza kwa nini. Aliangalia mlango wa chumba cha ndani, kisha vidole vyake vilivyochanika, na Inspekta akaona anarudi nyuma, Jumatatu, Jumapili, anapita siku moja moja anatafuta kitu ambacho alikuwa nacho wakati wote.

"Jumapili alirudi amelowa," alisema taratibu. "Mikono ya shati myeusi mpaka hapa. Alisema alisaidia watu kusukuma lori la mkaa lililokwama. Nililisugua mara mbili. Jumatatu, baada ya msiba, nikalirudia mara ya tatu nikaongeza sabuni, maana lilikuwa lile shati lake zuri, na nilitaka alivae mazishini."

"Liko wapi?"

"Barazani, kwenye kamba. Kila asubuhi naligusa nione." Alisimama, akaifunga sweta ya juu, kifungo kimoja kimoja, mpaka shingoni. "Njooni mlichukue. Halijakauka."